Sembe Bila Ruzuku

Mwaka 1984, serikali ilipoondoa ruzuku ya sembe, Hana, mfagizi wa ofisi moja mjini Musoma, alipanga foleni dukani mtaa wa Iringo tangu alfajiri. Fedha iliyokuwa ikimtosha kilo tano sasa haikumpa hata mbili.

"Wanasema mkulima naye alipwe vizuri," muuzaji alimwambia.

Hana hakubisha. Alikuwa amechoka, na kaka yake Enoka alikuwa mkulima.

Jumamosi alipanda basi hadi Bunda na kikapu kitupu, akiamini hatakosa debe la mahindi. Enoka alimpokea kikapu, akakipima mkononi.

"Dada, hukutuletea unga?"

"Unga? Mimi nimekuja kuomba kwako."

Enoka aliketi kwenye jiwe. Shamba lote nyuma yake lilikuwa pamba.

"Bwana shamba alituhimiza pamba. Unga tulikuwaga tunanunua tu, ulikuwa rahisi. Hiyo bei mpya inatuumiza kama nyinyi wa mjini."

Hana alitaka kucheka, akashindwa. Nyamburi, mke wa Enoka, aliwapikia ugali wa muhogo, wakala.

Kesho yake Enoka alipima nusu ya shamba kwa hatua. "Hapa nitapanda mahindi."

"Na bwana shamba akikuuliza?"

"Nitamwonyesha watoto wangu."

Hana alirudi Musoma, mtaani kwake Nyasho, na mihogo mikavu ya kumfikisha Alhamisi. Mvua za kupandia zilikuwa bado mbali, na mavuno mbali zaidi.