Pambano la Harambee ya Mabati

Runji wa Kiirua alikuwa na mapambano tisa kwenye rekodi na kumi mwilini, na hilo moja lililopotea njiani ndilo lililomnyima usingizi tangu Jumatatu.

Mkanda wa taifa ungepiganiwa Embu mwezi wa nane. Chama cha ndondi kilikuwa na sharti lake: bondia asiye na mapambano kumi ya kulipwa hakaribii mkanda. Kilikuwa na sharti jingine pia, kwamba ukifikisha miaka thelathini na minane unarudisha leseni. Runji alikuwa anaifikisha Oktoba. Orodha ya watakaogombea mkanda ingefungwa Ijumaa saa kumi jioni, na leo ndiyo ilikuwa Ijumaa. Kwa hiyo ama pambano la kumi lipatikane leo, ama akafie kwenye viazi vya baba yake akisimulia watu jinsi ambavyo angekuwa bingwa.

Na pambano lenyewe lilikuwapo! Lilipiganwa miaka mitatu iliyopita hapa hapa Siakago, kwenye harambee ya kununua mabati ya kanisa. Mwamuzi alikuwa na leseni, daktari alikuwapo, raundi sita zilipangwa, na raundi ya nne Runji akamwangusha kijana wa hapo aliyeitwa Gachoki, akahesabiwa mpaka kumi. Nani tena alitaka nini?

Shida ilikuwa kocha wake, Naftaly, mzee anayependa kila jambo liwe na ushahidi. Alipojaza fomu ya matokeo aliibana pamoja na programu ya harambee, ili wakubwa wa chama waone siku, mahali na saa. Hakuisoma. Kwenye programu ile, katikati ya kwaya ya akina mama na mnada wa majogoo, palikuwa pameandikwa: "Maonyesho ya ndondi." Jumatatu hii karani wa chama aliisoma vizuri sana. Maonyesho si pambano, akasema, akalifuta. Mtu akitaka kumwangamiza Naftaly ampe tu stepla, kazi itakayobaki ataimaliza mwenyewe.

Sasa chama kilitaka barua ya mwandalizi, yenye muhuri wa kanisa na sahihi ya aliyepigwa, ikikiri kwamba watu walipigana kweli. Naftaly alikuwa Nairobi, amesimama mbele ya dirisha la karani kama mtu anayedai maiti. Runji alikuwa Siakago tangu saa nne asubuhi, kwenye baraza ya Ciakuthii, mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kanisa. Ciakuthii ndiye aliyeandaa harambee ile, na Gachoki alikuwa mwanawe wa kumzaa.

Mama huyo hakuwa na haraka hata kidogo. Aliomba kwanza, akaiombea safari ya Runji, mvua na serikali. Akaleta chai. Akauliza habari za Meru, baridi ya Kiirua, na kama Runji ameshaoa. Runji aliketi, akasimama, akaketi tena. Kwenye magunia yaliyotandazwa uani ndengu zilikuwa zinakauka, na kuku mmoja alikuwa akizidonoa bila kufukuzwa.

"Mama, ni barua fupi tu," Runji alisema mwishowe. "Mistari mitatu."

"Siwezi kuandika uongo nikaweka muhuri ya kanisa."

"Uongo ndio uliandikwa siku hiyo, mama. Huu ni ukweli."

Alijuta kabla hajafunga mdomo. Ciakuthii alichukua kikombe chake, chai ikiwa bado nusu, akaingia ndani.

Saa sita ilipita, saa saba ikaja. Naftaly alipiga simu mara nne. "Enyewe wewe unangoja nini huko? Huyu karani ameanza kuangalia saa!" Runji alizunguka uani mpaka akajua idadi ya magunia. Alikuwa na hasira na yule mama, na hasira na Naftaly, na zaidi hasira na miaka yake thelathini na saba, ambayo haikuwa imemkosea lolote.

Gachoki alirudi kutoka shambani saa nane na nusu, na gunia begani. Runji alikuwa hajamwona tangu siku ile. Alikuwa amesikia tu kwamba kijana aliacha ndondi akashika jembe, akaona ni jambo la kawaida, wengi huacha. Alimwendea na kunyoosha mkono. Mkono wa Gachoki ulipita kando kidogo, ukarudi, ndipo ukaushika wa kwake. Kisha kijana akageuza kichwa chote ili amtazame kwa jicho la kulia. La kushoto lilikuwa jeupe.

"Hukuambiwa?" Gachoki aliuliza.

"Nilisikia tu umerudi shamba."

"Lilianza kuona vumbi wiki ile ile. Mimi nikadhani litapoa. Tulipofika Embu wakasema kitu ya ndani imeachana, tumechelewa."

Runji alijisikia vibaya, vibaya kabisa. Na aibu kubwa kuliko zote ni kwamba hata akilitazama jicho lile, nusu ya akili yake ilikuwa inahesabu dakika zilizobaki kufika saa kumi.

"Basi," alisema, akichukua koti lake. "Mwambie mama asahau. Sikujua."

"Unaenda wapi? Si ulikuja nisaini?"

"Gachoki, hiyo ni kuandika kwamba nilikupiga."

"Si ulinipiga?" Kijana alitua gunia chini. "Sikia, buda. Mimi nimepigana mara moja tu kwa maisha yangu. Moja. Pale sokoni wakiniuliza jicho lilienda wapi, nasema ndondi, wanacheka. Wanasema ile ilikuwa show ya kanisa. Hata ukitafuta jina langu kwa simu, hakuna mtu kama mimi. Wacha iandikwe nilipigwa. Lakini iandikwe."

Ciakuthii alikuwa amesimama mlangoni, na haikujulikana amesimama hapo tangu lini.

"Mchungaji alikataa watu wapigane kwa jina la kanisa," alisema. Hakuwa akimtazama yeyote. "Nikamwambia ni maonyesho tu, vijana watacheza kidogo. Na huyu, ni mimi nilimwomba aingie, kwa sababu watu wa Siakago hawangetoka nyumbani kuangalia wageni wawili. Nilijua si mchezo. Niliona glavu, niliona daktari. Kila siku nikimwona asubuhi najiambia ilikuwa maonyesho, ilikuwa ajali. Sasa nyinyi mnataka niandike kwa mkono yangu."

"Mama," Gachoki alisema taratibu, "jicho langu halikupotea kwa maonyesho."

Simu ya Runji ililia, akaizima, na kuizima huko kulimuuma kama kung'oa jino. Ciakuthii alirudi ndani. Walisikia droo ikivutwa, kiti kikiburutwa. Runji alitembea mpaka barabarani na kurudi mara mbili.

Barua ilitoka saa tisa na dakika arobaini. Ilisema lilikuwa pambano la kweli, na kwamba yeye aliyeandika maonyesho alilijua hilo tangu mwanzo. Muhuri wa kwanza ulikuwa umefifia, akagonga wa pili juu yake, kwa nguvu. Gachoki alisaini. Runji aliipiga picha na kuituma, mtandao ukagoma, akaituma tena akiwa amepanda juu ya kiti cha mgeni.

"Imeingia!" Naftaly alipiga kelele kwenye simu. "Karani ameona muhuri mbili, amenyamaza! Anaandika! Anaandika!"

Furaha ilimpanda Runji mwili mzima, furaha ya kitoto isiyo na haya. Kumi! Alimkumbatia Gachoki, na Gachoki akamkumbatia, wakacheka pamoja kama watu walioshinda upande mmoja. Rekodi mpya ilipotokea kwenye simu, kijana aliinyakua akaisogeza karibu na jicho lake zima, mdomo ukichezacheza kwa kila neno.

"Niko hapa," alisema. "Mama, kuja uone, niko hapa!"

Ciakuthii aliketi kwenye ngazi ya baraza. "Macho yangu hayasomi vitu vidogo. Nisomee wewe, Runji."

Runji aliipokea simu na kusoma pole pole. "Gachoki, wa Siakago. Mapambano, moja. Kushinda, sufuri. Kushindwa, moja. Raundi ya nne, ameangushwa."

Mama alingoja kama mtu aliyeona mstari umerukwa.

"Na aliyempiga? Hawakuandika?"

"Wameandika."

"Basi soma."

Runji alilitazama jina kwenye kioo cha simu, halafu akamtazama yeye.

"Ni mimi, mama," alisema.