Kuta za Magodoro

Mdogo wangu ni mwongo. Nasema hivyo kwa mapenzi yote ya dada aliyembeba mgongoni, lakini mwongo ni mwongo. Juzi nilikuwa dukani napanga mito, redio imefunguliwa, nikamsikia akihojiwa kuhusu ile albamu yake ya kwanza, ambayo siku hizi wapenzi wa hip-hop wanaizungumzia kwa sauti ya kushusha pumzi. Mtangazaji akamwuliza kwa nini nyimbo za mwanzo zinasikika kana kwamba msanii amekunong'oneza sikioni, halafu kadiri albamu inavyokwenda, ukiacha wimbo wa mwisho, sauti inapanuka, inapata mwangwi, hadi unahisi umesimama uwanjani. Mdogo wangu akajibu kwa ile sauti nzito anayoivaa akiwa mbele za watu, "Nilikusudia. Nilitaka msikilizaji atoke ndani ya kifua changu, aingie duniani." Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa mbele yangu akaahirisha kununua.

Hakukusudia kitu. Mwangwi ule niliuleta mimi, kwa kuuza magodoro.

Jina lake la jukwaani ni Radi. Alijipa mwenyewe, ingawa sisi wa nyumbani tulijua kwamba mjusi akipita ukutani Radi alikuwa anapanda juu ya kiti. Wakati huo hakuwa na kazi. Alikuwa na mistari kichwani na rafiki mmoja, Fundi, mtengeneza redio mbovu ambaye alikuwa ameunda mashine ya kurekodia kutokana na vipande vya mashine nyingine zilizokufa. Walichokosa ni chumba. Walijaribu kurekodi kwa Fundi, lakini jirani yake alikuwa mchomeleaji wa mageti, na kila ubeti ukatoka na nyundo zake. Ndipo Radi akanijia dukani na uso wa huruma, ule ule aliokuwa akiutumia utotoni kunilia nyama yangu.

Nyuma ya duka langu kulikuwa na stoo. Magodoro yalisimama kuta zote, mawili mawili, hadi darini. Ukiongea humo, sauti yako inakufa mbele ya midomo. Fundi alipoingia mara ya kwanza alipiga kofi moja, akasikiliza, hakusikia kitu, akanigeukia nusura apige magoti.

"Dada, hii ni studio," akasema.

"Hii ni stoo," nikamwambia. "Na kila unachokiona kinauzwa."

Hayo ndiyo yalikuwa masharti. Wangerekodi mchana nikiwa nimefungua, na Radi angenibebea magodoro ya wateja hadi kwao. Lakini mteja akija na kuchagua, godoro linatoka, hata kama mtu yuko katikati ya mstari. Radi alikubali upesi mno, jambo ambalo lingenifanya nishtuke kama ningekuwa na akili siku ile.

Haraka yake ilitokana na baba. Baba yetu alikuwa mwalimu wa udereva. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine chini ya mguu wake, na nadhani kukaa miaka yote hiyo na breki ya ziada kulimharibu. Ukianza kusimulia, anakukatiza. Ukipika, anakuja kupunguza moto. Radi hakuwahi kumaliza hata ubeti mmoja mbele yake. Akifika mstari wa pili baba anasema, "Sawa, tumesikia. Sasa kazi ni ipi?"

Kazi baba alikuwa ameshaitafuta mwenyewe. Baba mdogo alikuwa na kinu cha unga mji mwingine, na alihitaji kijana wa kupima magunia. Shule zikifunguliwa, baba mdogo angekuja kumleta binti yake shule ya bweni, na akirudi angerudi na Radi. Mimi nikaingilia kati, nikambembeleza baba wiki nzima, nikampaka mafuta, nikamkanda mabega. Akakubali shingo upande.

"Akiimaliza hiyo albamu kabla baba yake mdogo hajaondoka, abaki," akasema. "Asipoimaliza, anapanda gari. Na sitaki kusikia tena habari za mistari nyumbani kwangu."

Kwa Radi hiyo ilikuwa ni kufa na kupona. Namjua ndugu yangu, si mtu wa kuanza upya. Angekwenda kule, angepima magunia, angenenepa, na mistari ingemkauka kichwani. Niliogopa hilo kuliko alivyoogopa yeye, ila sikumwambia, maana kichwa chake kilikuwa tayari kimevimba vya kutosha.

Sasa msikie mwenye akili zake. Fundi alimshauri waanze na wimbo wa mwisho, kwa sababu huo ulikuwa wa kunong'ona, bila mdundo mzito, na unataka chumba kimya wakati kuta bado nene. Radi akakataa katakata.

"Albamu ni safari," akasema. "Umeona wapi safari inaanzia mwisho?"

"Na umeona wapi safari ambayo kuta zinauzwa?" Fundi akajibu. Lakini Radi alishashupaza shingo, na isitoshe wimbo wenyewe hakutaka mtu ausikie. Hata Fundi hakujua unahusu nini.

Basi wakaanza na wa kwanza. Siku zile biashara ilikuwa imelala, kuta ziko imara, na ndiyo maana nyimbo zile za mwanzo zinakuingia hadi kwenye mifupa. Halafu wateja wakaanza kuja mmoja mmoja. Godoro likitoka, Fundi anapiga kofi lake, anasikiliza, anatikisa kichwa. Radi akawa ananitazama kwa jicho la mtu aliyeibiwa.

Kisha nikagundua jambo la ajabu. Watu wanaingia, wanabonyeza sponji, wanauliza bei, wanaridhika, halafu ghafla wanakumbuka safari na kuondoka. Nikajiuliza nimekosea nini. Siku moja nikageuka haraka, nikamkuta Radi amesimama nyuma ya mama mmoja, anajikuna shingo, anajikuna kwapa, anajikuna mgongo kwa kujisugua kwenye mlango, huku akilitazama godoro kwa huzuni kubwa.

Damu ilinichemka. Nilimsubiri aingie kurekodi, wapo kwenye wimbo wa nne, amefumba macho, mikono inapasua hewa, ndipo nikamwingiza bibi mmoja mnene mwenye mkoba mkubwa na kumwambia achague lolote, lakini lile la nyuma ya kipaza sauti ndilo zuri zaidi. Bibi akapita katikati ya ubeti, akalikamua godoro kwa vidole kumi, akauliza kwa sauti ya kuamsha wafu, "Hili halitaniletea bonde katikati?"

Fundi hakuifuta sauti ile. Alisema imeangukia sawasawa kwenye mdundo. Leo Radi akiimba wimbo huo jukwaani, uwanja mzima unauliza kwa pamoja kuhusu bonde. Yeye huwaambia waandishi kwamba ni swali kuhusu maisha.

Halafu shule zikakaribia kufunguliwa. Kama hujawahi kuuza magodoro huwezi kuelewa. Kila mtoto wa bweni anatakiwa afike na godoro lake, na wazazi wote hukumbuka jambo hilo wiki moja. Nikauza ukuta wa kushoto asubuhi na wa kulia kabla ya mchana. Radi alikuwa anarekodi ubeti, anabeba godoro kichwani, anarudi anahema, anarekodi mwingine. Wakajaribu kuziba kwa mito. Nikauza mito. Na sauti ikawa inapanuka, inapanuka, ile safari ya kuingia duniani mliyoisikia.

Ikafika siku ya kuondoka, umebaki wimbo mmoja tu, ule wa kunong'ona. Stoo ilikuwa tupu. Fundi akapiga kofi, na chumba kikamjibu kwa nguvu. Radi akanong'ona mstari mmoja majaribio, na neno likazunguka kuta zote na kurudi limevimba. Akakaa chini sakafuni. Hakunilaumu, hakunitania, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilizoea kumwona akijitia ujasiri hata pasipo na sababu, na sasa alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu tu.

Dukani napo hapakutosha. Shehena mpya ilikuwa imechelewa barabarani, na wazazi walikuwa wamejaa na watoto wao na masanduku ya bati, wote wananiuliza mimi lori liko wapi, kana kwamba nililificha. Na nani anaingia? Baba mdogo, na binti yake anayetaka godoro, na baba nyuma yao.

"Amemaliza?" baba akauliza.

"Bado kidogo," nikasema.

"Kidogo si kumaliza. Aende akafunge nguo zake. Tukipata godoro wanaondoka."

Jua lilikuwa kali. Baadhi ya wazazi wakasogea stoo kutafuta kivuli, na nyuma yao wengine. Fundi aliyekuwa anakunja nyaya zake akawaambia samahani, wapishe. Akatega sikio. Akarudia, "Samahani." Kisha akapiga kofi. Chumba hakikujibu. Akanitazama, nami nikamtazama, na sikuhitaji kuelezwa.

Nilipanda juu ya stuli.

"Jamani, nisikilizeni! Lori limekaribia, na magodoro yatashushiwa humu stoo. Anayetaka kuhudumiwa kwanza aingie, ajipange ukutani na sanduku lake. Lakini naomba kimya kabisa. Dereva huyu ana wazimu wake, akisikia kelele dukani anageuza lori."

Ni uongo ambao hata mtoto wa chekechea angeukataa. Lakini mzazi mwenye orodha ya bweni mkononi anaamini lolote. Waliingia, wakajipanga kuta zote nne, watu wawili wawili kwenda ndani, masanduku kifuani, midomo imefungwa. Baba na baba mdogo walisukumwa hadi ukuta wa mbele. Nikafunga mlango kwa komeo.

Radi akainuka. Akakishika kipaza sauti, akainua macho, na uso alioutazama moja kwa moja ulikuwa wa baba. Akanigeukia.

"Dada, siwezi," akanong'ona. "Huu wimbo ni wa kwake."

"Basi mpe," nikasema.

Fundi akawasha mashine. Radi akaanza, chini chini, bila kumtazama mtu. Alipofika mstari wa pili nikamwona baba anafungua mdomo, kwa mazoea tu. Mama aliyekuwa kando yake akampiga kiwiko.

"Shh, mzee! Lori litageuka."

Baba akafunga mdomo. Nilitamani kucheka na nikashindwa, kwa sababu Radi alikuwa amefika hapa:

*Watoto wa watu umewafunza gia, wameondoka salama,*
*Mwanao kila akiwasha, mguu wako unasema: simama.*

Sikumwona baba akikasirika. Alikuwa ameshikilia sanduku la binti wa baba mdogo, na taratibu akaanza kulikumbatia. Radi alikuwa anaimba kuhusu kijana aliyekaa garini maisha yake yote, injini inanguruma, nyumbani hajatoka. Hakumtukana baba hata kidogo. Alikuwa anamwomba. Mimi niliyeishi nao nyumba moja sikujua kwamba mdogo wangu alikuwa anaumia kiasi hicho.

Akaingia ubeti wa mwisho, na honi ya lori ikalia nje, ndefu, ikafunika kila kitu. Fundi akainua mkono. Wimbo umeharibika.

Hapo utulivu wote ukaisha. Masanduku yakagongana, watoto wakapiga kelele, watu wakaelekea mlangoni kwa mabega. Nikasukumwa, komeo likafunguliwa na mikono nisiyoiona. Baba mdogo akatoa funguo za gari mfukoni.

"Haya kijana," akasema, "twende zetu, njia ni ndefu."

Radi akakiweka kipaza sauti sakafuni. Alikiweka polepole kabisa, na mimi nikajua ndiyo basi tena.

Ndipo nikamwona baba akipenya. Aliwapita wazazi, akawapita watoto, akafika mlangoni kabla ya wote, akasimama hapo na mkono mmoja ameutandaza, sanduku limebanwa kwapani.

"Hakuna anayetoka," akasema.

"Mzee, lori limefika!" mtu akalalamika.

"Nimelisikia. Lisubiri."

"Kaka," baba mdogo akasema, "si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana akimaliza kabla hujaondoka, abaki, na hujaondoka bado. Mwanangu hajamaliza." Kisha akamtazama Radi. "Anza pale mwanzo. Sikusikia vizuri."

Watu wakarudi ukutani wakinung'unika, mmoja mmoja. Nikarudisha komeo. Radi akaimba tena, na safari hii alikuwa anamtazama baba, na baba hakuyahamisha macho, hadi neno la mwisho.

Huo ndio wimbo mnaousikia. Na mwishoni kabisa, baada ya Radi kunyamaza, ukisikia mtu anavuta kamasi, msimsingizie baba. Huyo ni mimi.