Isipokuwa Mume wa Dada Yangu

Kifungu chenyewe nilikiandika saa nne asubuhi, nimeshakunywa chai, akili timamu kabisa. Kwa hiyo sina hata cha kusingizia. Programu yangu ya kutunza mafaili ya wagonjwa nilikuwa naitoa bure kwa leseni huria ya kawaida: chukua, tumia, rekebisha, gawa. Mimi nikaongeza mstari mmoja chini: "Ruhusa hii ni ya watu wote duniani, isipokuwa mume wa dada yangu."

Alistahili, jamani! Alikuja kututembelea, akachomoa diski yangu kwenye kompyuta katikati ya kunakili ili apate pa kuchajia simu. Kazi ya wiki tatu ikaenda na maji. Nilipopiga kelele, akaniambia kwa macho makavu, "Shemeji, si uichomeke tena?"

Dada akakisoma kifungu, akaninunia. Miaka mitatu tukawa tunasemeshana kupitia mama.

Sasa hospitali anayotibiwa mama ikaitaka programu hiyo. Nilifurahi mpaka nikaruka. Faili la mama hupotea kila kliniki, na mara ya mwisho walimpa dawa za mtu mwingine. Bahati yake anazijua rangi za vidonge vyake. Kumbe furaha yangu ilikuwa ya mapema, maana wakili wa hospitali alileta barua: nifafanue kifungu kabla ya Ijumaa mchana, la sivyo wanabaki na makaratasi yao. Je, dada na mumewe wakiachana, katazo linaisha? Je, shemeji akilazwa, faili lake lifunguliwe au lisifunguliwe?

Nikampigia simu. "Wakili, ule ni utani tu."

"Sijaona palipoandikwa utani."

"Basi naufuta sasa hivi."

"Peke yako huwezi. Watu sita wamechangia kazi yao chini ya masharti hayo. Wote wakubali kwa maandishi."

Mtu huyo hajawahi kucheka tangu azaliwe, nawaapia.

Watano walijibu siku hiyohiyo, wakinicheka. Mmoja alikiri kuwa kwenye zahanati yao walishamkataza mtunza stoo kugusa kompyuta, kwa sababu kamuoa dada wa mganga mkuu. Wa sita, aliyejiita Kiroboto, kimya. Na huyo ndiye aliyenifanyia kazi kuliko wote. Ndiye aliyeziba kasoro ya kuchanganya wagonjwa wenye majina yanayofanana. Nilimwandikia mara nne. Mara ya nne nikaweka ujeuri pembeni: "Kaka, nakuomba, ni kwa ajili ya mama yangu."

Alhamisi jioni akajibu: "Nitakuja kesho kusaini mbele yako."

Hata anwani hakuuliza.

Asubuhi nikafungua mlango. Alikuwa shemeji, na nyuma yake dada kakunja uso.

"Nilianza kujifunza ili nikurudishie zile wiki tatu," alisema, macho chini. "Nikakuta programu ina kasoro nyingi, shemeji. Nyingi sana."

"Na leseni inakukataza kuigusa!"

"Ndiyo maana nikajiita Kiroboto."

Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Miaka mitatu mtu niliyemtangaza dunia nzima kuwa hafai alikuwa ananisafishia uchafu wangu, wala hakunidai hata asante. Niliona aibu, aibu ya kweli.

"Mama," dada akasema, "mwambie mwanao alete kalamu."

"Mimi si posta," mama akajibu kutoka kwenye kochi. "Ambianeni wenyewe."

Dada akanitazama. Nami nikamtazama.

"Nisamehe, dada," nikasema. "Wote wawili, nisameheni."

"Kalamu," akasema dada, lakini sauti ilishalainika.

Shemeji akasaini. Tukaipiga picha karatasi, tukaituma kwa wakili saa tano na nusu. Akajibu neno moja: "Imepokelewa." Mama akauliza kama sasa dawa zitakuwa zake, nikamwambia zitakuwa zake.

Shemeji akaitazama simu yake inayoishiwa chaji, akaitazama kompyuta yangu, akairudisha simu mfukoni. Diski yangu ilikuwa pale, inanakili kazi ya mwezi mzima, bado dakika ishirini.

Nikaichomoa mwenyewe.

"Lete waya," nikamwambia.