Jiwe la Kuazima

Bi Biubwa alikuwa uani anapepeta mchele wa arusi, na jirani yake, Chausiku, ameketi chini anakwangua sufuria kubwa. Sufuria ilikuwa yake Chausiku. Kamati ya Mapokezi iliiazima ipikie chai ya wageni, ikairudisha na masizi yake, na ndani hamna kitu. Pale Dunda, mtaa wao wa Bagamoyo, hilo hata mtoto halifanyi. Chombo cha watu hurudi na chochote, mabumunda mawili, konzi ya mchele, hata chumvi.

"Labda wamesahau," alisema Chausiku.

"Hawakusahau. Hawakufunzwa."

Kamati ilikuwa ya Bwana Sadallah, mtu mwenye suti moja na hotuba nyingi. Mwaka uliopita wanawake wa Dunda walikuwa wamekichimba upya kisima kilichokuwa uani kwa Biubwa, kwa sababu maji yake yalikuwa mbali chini na yana chumvi. Mawe na mchanga walibeba kichwani. Kando ya mdomo wa kisima wakajenga kitako cha saruji, vyuma vinne vimetokeza juu, tayari kwa pampu. Fedha za pampu zilikuwapo, kila mtu aliambiwa hivyo. Kisha ikaja habari kwamba lile jiwe waliloliokota watu waliokwenda mwezini linatembezwa nchi kwa nchi, na Bagamoyo litalala siku chache. Fedha za pampu zikawa jukwaa, zikawa rangi ya ukuta, zikawa vitambaa na bendi. Sadallah aliwaambia wanawake kwamba pampu ipo tu, lakini mwezi hauji kila siku. Biubwa akamjibu kwamba kwao Dunda mwezi ulikuwa ukija kila mwezi, tena bure.

Wanawake walicheka, ila Biubwa hakuwa na la kuchekea. Binti yake, Sihaba, alikuwa aolewe Ijumaa ile na kijana wa Pangani. Arusi ilikwisha ahirishwa mara mbili kwa ajili ya maji, maana huwezi kualika watu wa mbali ukawapa maji ya chumvi, wala ukawaambia watawadhe kwa zamu. Ami wa bwana arusi alikuwa ameleta salamu kwa upole: tarehe ya tatu wataipokea, ya nne hawataisikia. Ilikuwa Rajabu, na vuli haikuwa na dalili.

Basi wakiwa pale uani, gari lililobeba jiwe likapita njia ya mbele ya nyumba, polepole kwa sababu ya mashimo. Debe lililokuwa limeachwa kisimani likagonga ukingo. Chausiku akageuka. Maji yalikuwa yamepanda mpaka mdomoni, na debe linaelea juu yake. Akachota kwa kiganja, akaonja.

"Matamu," alisema, akaendelea na sufuria.

Gari likakata kona kuelekea boma. Maji yakashuka taratibu, kama mtu anayekaa chini baada ya mkubwa kupita.

Biubwa alifikiri kidogo. Bahari hujaa na kupwa kwa mwezi, hilo anajua kila aliyewahi kuokota chaza wakati wa bamvua. Jiwe ni mtoto wa mwezi. Mtoto akipita, watumishi wa baba yake husimama. Akasema Subhanallah, akaweka ungo, akavaa buibui lake, akaenda kuliazima.

Kwenye jukwaa Sadallah alikuwa anahutubia. Alieleza kwamba kulileta jiwe lile kumekula fedha za taifa kubwa, kodi za watu kwa miaka, na watu wakapiga makofi. Jiwe lenyewe lilikuwa ndani ya sanduku la kioo, jeusi, dogo kama bumunda. Pembeni yake alikaa Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, ambaye kazi yake ilikuwa kutoachana nalo.

Biubwa aliamkia, akauliza kama huko juu kuna maji. Mzungu akasema kwa kupitia Sadallah kwamba hakuna hata tone.

"Basi lina baraka za ugenini," alisema Biubwa, "maana kisima changu limekijaza kwa kupita tu. Nimekuja kuliazima. Nina arusi Ijumaa."

Sadallah alimwambia mama kwamba hii ni mali ya taifa la watu, haiazimwi kama kinu.

"Mwenyewe yupo. Muulize."

Mzungu aliulizwa. Hakushangaa. Alisema kila mji jiwe lina vituko vyake, kuna mahali liliwafanya majogoo wawike mchana kutwa. Kanuni hazimruhusu kuliacha, alisema, lakini hakuna kanuni inayomkataza kwenda arusini.

Ijumaa akaja nalo, akawekewa kiti karibu na kisima, amelipakata. Maji yakapanda, yakafika mdomoni, yakamwagika. Sanduku la kioo nalo likaanza kujaa kutoka ndani, mpaka likapasuka pembe. Biubwa akatoa bakuli la kaure lenye maua ya buluu, la marehemu mumewe, Bwanausi, jiwe likawekwa humo.

Dunda nzima ilikuja na madebe. Bibi arusi alikogeshwa akakogeshwa tena. Birika la msikiti likajaa hadi waumini wakaambiwa wavue viatu mbali, visije vikaelea. Pilau ikapikwa kwa maji matamu, nguo zilizosubiri tangu Mfungo Tatu zikafuliwa, na watoto wakateleza uchochoroni kwa matumbo. Ami wa Pangani alitawadha polepole, mara tatu kila kiungo, kisha akauliza ni nani aliyesema Dunda haina maji. Hakuna aliyejitokeza.

Mzungu alikula kwa mkono mmoja, wa pili umeshika bakuli. Chausiku alimwambia anakula kama anayehesabu punje, akamwongezea sahani.

"Mimi nasema waende tu huko mwezini," alisema Chausiku, amelowa hadi kiunoni. "Mtu akipewa miguu atembee. Akirudi na kitu kama hiki, amepoteza fedha gani?"

"Sijakataa waende," alisema Biubwa. "Wameenda kwa kodi zao, wataulizana wao kwa wao. Huyu wetu hakwenda popote, na fedha za pampu zimekwisha."

Sadallah alikuwa hapo karibu, sahani ya pili mkononi. Alisema pampu imo katika mpango, akaomba kachumbari.

Baada ya Alasiri gari la jiwe lilikuja kumchukua Mzungu. Sanduku lilikuwa halifai tena, kwa hiyo jiwe likaondoka ndani ya bakuli, na Biubwa akaweka kashata kando yake, maana ni aibu kutoa bakuli hivihivi. Akamwambia Mzungu, na Sadallah akafasiri, kwamba bakuli ni la marehemu. Mzungu akasema litarudi. Gari lilipopita msikiti, maji yalikuwa yameshashuka yalikokuwa. Sihaba alikwenda Pangani na mumewe, na masanduku mawili ya nguo safi.

Shaabani, mwezi mpevu, Biubwa alitoka uani baada ya sala ya Alfajiri. Bakuli lilikuwa juu ya kitako cha saruji, katikati ya vile vyuma vinne. Hapakuwa na alama ya gurudumu wala unyayo karibu yake. Kashata hazimo. Lilikuwa limejaa maji matamu, yanatosha udhu mmoja na birika la chai, na upande wa magharibi mwezi ulikuwa bado haujatua. Biubwa akahimidi, akamwita Chausiku.

"Kumbe huko juu wamefunzwa," alisema Chausiku.

Tangu hapo ukawa ujirani. Kila mwezi mpevu Biubwa huliweka bakuli pale na kashata, au vitumbua, na alfajiri hulikuta na maji. Mwezi wa Ramadhani aliweka tende, na maji yakaja na harufu ya mvua. Sihaba alipojifungua mtoto wa kike, maji hayo ndiyo aliyooshewa mara ya kwanza.

Habari zilimfikia Sadallah, akaja na suti yake. Aliangalia bakuli, akaangalia vile vyuma vinne vilivyoota kutu. Akasema kamati imefurahi, na kwa kuwa sasa Dunda inapata maji kutoka mwezini, pampu itabidi isubiri, wapo wenye shida zaidi. Biubwa alimkaribisha chai. Alipokuwa anaondoka akamjazia birika dogo la maji yale awapelekee watoto, kwa sababu watoto hawana kosa.

Sadallah alilirudisha mwenyewe Jumatatu, akalipokeza mlangoni kwa salamu ndefu. Biubwa alilitikisa kidogo, akalifungua, na ndani hamna kitu.

Akamwita Chausiku aje kutazama. Wakacheka mpaka wakashika ukuta, kisha wakateremsha debe kisimani, kamba hadi fundo la mwisho.