Kitabu Ambacho Makau Hakukisoma

Makau aliingia chama cha wasomaji kwa sababu ya Becky, mkubwa wake kazini, wala si kwa sababu ya vitabu. Becky ndiye aliyekianzisha. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikuja na gari lake kutoka mtaa wa Karen, Nairobi, hadi kwenye chumba kilicho nyuma ya kanisa moja la Hurlingham, na wafanyakazi waliotaka kuonekana wa maana machoni pake wakaanza kumfuata mmoja mmoja. Makau alikuwa karani wa bima, mtu wa miaka thelathini na ushei, na tangu atoke shule hakuwa amemaliza kitabu hata kimoja. Alisoma polepole. Akiwa peke yake alifuata mistari kwa kidole, na kabla hajafika mbali usingizi ulimchukua.

Mkutano wa kwanza wa mwaka 2006, Becky aliwaambia kila mmoja ataje malengo yake.

"Mwaka huu unataka kusoma vitabu vingapi? Sema mbele ya watu, ndiyo ujifunge."

Mmoja akasema kumi na viwili, mwingine ishirini. Mama mmoja mzee aliyeitwa Annah, mkunga mstaafu kutoka Kabiria aliyesali kanisani hapo, alisema akimaliza vitano atamshukuru Mungu. Zamu ya Makau ilipofika, Becky alikuwa anamtazama.

"Hamsini," akasema.

Watu wakaguna kwa heshima. Makau naye akajisikia mrefu kidogo, na hisia hiyo ikamdumu mpaka alipofika nyumbani.

Mwezi wa pili Becky alitaka wajaribu kitu kipya. Alisema watu wazima wa Nairobi wanasoma vitabu vya kutajirika tu, kwa hiyo safari hii kila mmoja akatafute riwaya ya fantasia, hadithi ya ulimwengu usiokuwapo, aje awasimulie wenzake. Makau akashuka mjini wakati wa chakula cha mchana. Kando ya barabara palikuwa na muuza vitabu vya mitumba aitwaye Gichuru, aliyetandaza vitabu vyake juu ya gunia. Makau akachagua kimoja chenye jalada la buluu na farasi mwenye mabawa. Alisoma maneno ya nyuma ya jalada na kurasa mbili za mwanzo. Kikakaa mezani kwake hadi siku ya mkutano.

Siku hiyo aliomba kimoyomoyo asiitwe, lakini aliitwa wa pili. Akasimama, akainua kitabu ili waone farasi. Alisema ni hadithi ya nchi ya mbali. Baada ya hapo hakuwa na la kusema, na Becky alikuwa anangoja huku akitabasamu.

Ndipo akaanza kutunga. Alisema katika nchi hiyo kuna kisima, na mtu akifa sauti yake hurudi kukaa humo kisimani, chini kabisa, pamoja na sauti za wote waliotangulia. Alisema kulikuwa na binti aliyefiwa na mama yake, akachukua kamba na ndoo, akaenda kuteka sauti ya mama yake. Alieleza jinsi binti alivyoinama akasikia watu wengi wakinong'ona kwa pamoja, akaanza kushuka. Makau mwenyewe hakujua maneno yalikuwa yanatoka wapi.

"Akampata?" aliuliza Annah.

Makau hakuwa amefikiria mbali hivyo. "Nikisema nitawaharibia utamu, mama," akajibu. "Kisomeni wenyewe."

Walimpigia makofi. Becky akaandika jina la kitabu ubaoni, na Jumatatu kazini akampitia dawatini akamwambia alifanya vizuri sana.

Mwezi uliofuata, baada ya mkutano, Annah alimshika mkono wakiwa wanatoka.

"Makau, hebu nikuulize. Kile kitabu chako nimekimaliza, na kisima sijakiona."

Akamweleza kisa chote wakiwa wamesimama pale uani. Mume wake, Mzee Ngui, alikuwa dereva wa malori hadi ugonjwa wa sukari ulipomharibu macho. Mwaka juzi binti yao wa pekee, Kasyoki, alifariki. Mzee hakuweza tena kuona picha za binti yake, na alikuwa akilalamika kwamba sauti yake nayo imeanza kumpotea. Kwa hiyo Annah aliporudi nyumbani na hadithi ya kisima, mzee alisema anataka kujua yule binti alipata nini huko chini. Annah akaenda kwa Gichuru, akapata nakala, akamsomea kila jioni, ukurasa kwa ukurasa. Wakasoma vita vya farasi, wakasoma mfalme na ndugu zake. Kila siku mzee anauliza, kisima kitafika lini?

"Tulipomaliza bila kukiona, nikajua yule muuzaji amenipa kitabu kilichong'olewa karatasi," alisema Annah. "Nilirudi nikamwita mwizi. Niliongea, Makau, mpaka watu wakajaa. Akaniletea nakala nyingine, nayo ni vilevile. Sasa nimechanganyikiwa. Chako ulikitoa wapi?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema ukweli. Makau alilijua hilo. Alisikia masikio yakimwaka moto, na Becky alikuwa hatua chache tu kutoka pale akitafuta funguo za gari.

"Labda ni toleo tofauti, mama," akasema. "Wakichapisha upya huwa wanapunguza."

"Ahaa." Uso wa Annah ukafunguka. "Basi nitalitafuta hilo la zamani."

Makau alidhani mama mzee atachoka, ayaache. Lakini wiki hiyohiyo alitumwa mjini kupeleka karatasi za ofisi, na alipokata kona karibu na vitabu vya mitumba akamwona. Annah alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda kando ya gunia la Gichuru, amevua viatu, miguu imevimba. Gichuru alikuwa amepiga magoti akifukua maboksi, anatoa kitabu kimoja kimoja na kumwonyesha jalada. Annah anatikisa kichwa, Gichuru anaendelea kufukua. Mtu aliyeitwa mwizi mbele ya umati alikuwa anamtafutia mwenye kumwita mwizi kitabu ambacho hakikuandikwa popote.

Makau aligeuka akapita njia nyingine. Alitembea haraka, kichwa chini, kama mtu anayedaiwa. Hata alipofika ofisini bado alikuwa anajiona akigeuka, tena na tena.

Jumamosi alikwenda Kabiria. Aliuliza nyumba ya mama mkunga, akaelekezwa. Mzee Ngui alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni akiota jua, na Annah alimkaribisha kwa furaha iliyomchoma.

"Baba Kasyoki, ni yule kijana wa kisima."

"Karibu, mwanangu," alisema mzee, akanyoosha mkono kuelekea pasipo mtu. Makau akausogelea akaushika. "Umekileta?"

Makau hakuketi. "Hakuna kitabu cha namna hiyo, mzee," akasema. "Kile kitabu sikukisoma. Niliitwa kusimulia nikaona aibu kusema sikusoma, nikaitunga ile hadithi palepale. Na mama aliponiuliza, nikamdanganya mara ya pili."

Annah alikuwa ameshika birika. Akaliweka chini taratibu.

"Kwa hiyo yule muuzaji hakuwa na kosa," akasema.

"Hakuwa."

"Na wewe ulijua. Ulinifanya nimtukane mtoto wa wenyewe, kisha ukaniacha nizunguke mjini na miguu hii."

"Nilikuona, mama. Siku ile kwa Gichuru. Nilikuona nikageuka."

Hilo hakuwa amepanga kulisema. Annah akaingia ndani. Makau alitamani amfokee, maana angejua pa kushika.

Mzee Ngui alikuwa bado ameinua uso wake upande wa sauti. "Na yule binti," akauliza, "alipata nini huko chini?"

"Sijui, mzee. Sikufika huko."

"Basi hakuna."

"Hakuna. Ukitaka, mzee, naweza kukutungia mwisho. Mzuri."

"La," alisema mzee, bila hasira. "Usinitungie tena."

Makau akaangalia viatu vyake. Alitamani ardhi ya Kabiria immeze na hadithi zake. Aliona afadhali aage aondoke, na hapo Annah akatoka amejifunga leso kichwani, mkoba begani.

"Twende mjini," akasema. "Nilimtukana hadharani, na nitamwomba radhi hadharani. Na wewe utasimama kando yangu useme ni nani aliyeng'oa hizo karatasi."

Walikwenda. Annah aliongea kwa sauti ileile aliyokuwa ametukania, na Makau akasema yake mbele ya wateja na wapita njia. Kijana mmoja akacheka. Gichuru aliendelea kupangusa vumbi la vitabu kwa kitambaa.

"Mimi nilijua sina makosa," alimwambia Annah. "Nilikutafutia kwa sababu ulisema ni cha mgonjwa." Kwa Makau hakugeuza hata macho.

Kazini, Makau alimweleza Becky kwamba hajasoma hata kimoja kati ya vile hamsini. Becky alisema, "Sawa, Makau," akarudi kwenye kompyuta yake, na tangu siku hiyo hakumpitia tena dawatini.

Ila Jumamosi zake alianza kuzipeleka Kabiria. Annah alimpokea kwa ukavu mwanzoni, akimpa chai na kwenda kwenye shughuli zake. Koo lake lilikuwa limechoka kusoma, akasema, na mzee ameanza kitabu kingine kutoka kwa Gichuru, cha watu wanaoishi juu ya mawingu. Basi Makau akamsomea kwa kusitasita, kidole mstarini, na alipokwama kwenye neno gumu Mzee Ngui alingoja tu. Hakuna aliyemharakisha.

Alasiri moja alifika mahali ambapo daraja la mawinguni linakatika na ndugu wawili wako pande mbili tofauti. Akatulia kidogo, akasikia mzee anakoroma. Annah alikuwa uani anaanua nguo. Makau angeweza kufunga kitabu aende zake, basi la kurudi halikuwa mbali. Badala yake akakisogeza kiti kwenye mwanga, akapunguza sauti, akaendelea kusoma.