Pepo Asiye na Msimamo

Uweso alikuwa na miaka arobaini na miwili alipoambiwa kwamba yeye si mpuuzi. Aliyemwambia ni Dokta Bibiana, hapa hapa Tanga mjini, na kilichompeleka kwa daktari ni aibu moja tu: alikuwa amemsahau mkewe, Samiha, Pangani.

Hakusahau jina wala sura. Alimsahau mzima mzima, na kanga zake. Walikuwa wanarudi Tanga kutoka Ushongo kuwaona wakwe, wamepakizana kwenye pikipiki. Pale Bweni, wakisubiri kuvuka mto, Samiha akashuka kununua dafu. Uweso ni fundi rangi. Akaona kivuko kimepakwa rangi upya, akaingia na pikipiki yake kuchungulia kazi ya mwenzake. Kivuko kikaondoka, kikafika ng'ambo, yeye akawasha pikipiki mpaka kwake Usagara, njia nzima akishangaa leo inavyopanda vilima vizuri. Alipojua kwa nini, aligeuza mbio, na Mungu ni shahidi, njiani alisimama mara moja tu, kumshauri mtu rangi ya geti. Samiha alikuwa amesharudi kwa wazazi wake, na simu amezima.

"Mtu anasahau funguo, anasahau chumvi," ndiyo salamu aliyomtumia. "Mke anasahauliwaje? Basi simo moyoni mwake."

Dokta Bibiana alimuuliza habari za utotoni, za shule, za kuta alizopaka nusu akaziacha. Mwisho akamwambia ana ADHD, amezaliwa nayo, na kwamba ubongo wake hauna uvivu wowote, ila unaona kila kitu kwa pamoja na unashindwa kuchagua kimoja. Uweso akalia kwa kwikwi kama mtoto. Miaka yote ile aliitwa mzembe, na yeye akaamini.

Sasa ilibaki kumweleza Samiha, na kwa wakwe mtu haendi kichwa kichwa, anatanguliza mzee wake. Mzee wake ni Shangazi Mboni, aliyemlea. Uweso akamwamkia shikamoo, akamsimulia.

"Damu wamepima?" aliuliza Shangazi.

"Hapana, shangazi."

"Mkojo? Picha?"

"Wala. Ameniuliza maswali tu."

"Na kitu chenyewe unakwenda huku, kinakupeleka kule?"

"Hasa! Ndivyo kilivyo."

"Unacho tangu utotoni, na jina lake la Kizungu."

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi Mboni akashusha pumzi. Amewaona pepo wa Kiarabu, amewaona wa Kihabeshi, lakini wa Kizungu ndio kwanza anaingia ukoo huu. Na pwani hii pepo hafukuzwi ovyo kama mbwa. Anaitiwa fundi, anaulizwa jina lake na haja yake, na mke wa mwenye pepo sharti awepo, aseme kama ataweza kuishi naye. Uweso alitaka kubisha, mpaka aliposikia hilo la mwisho. Wakwe ambao wasingemtoa binti yao kwa maneno ya daktari, kwa pepo wangemleta wenyewe. Akakubali.

Jumamosi asubuhi sebule ya Shangazi ikajaa. Fundi Mudathir, bingwa wa pepo wa mji mzima, akaweka ubani kwenye chetezo. Shangazi naye alikuwa ameandaa sinia la mgeni wa Kizungu: biskuti, chai ya maziwa, mayai ya kukaanga, uma na kisu. Samiha alikaa pembeni na mama yake, uso ameugeuzia ukutani.

Uweso akafunikwa shuka jeupe.

"Taireni!" aliita Fundi, kwa salamu ya kuwaita pepo.

"Za Mungu!" wakaitikia.

"Ewe uliyemkalia kijana huyu, jina lako nani?"

Uweso alikusudia kweli kujibu. Lakini ndani ya shuka macho yake yakaangukia mshono. "Hili shuka limeshonwa kwa mkono?" aliuliza. Watu wakanong'ona.

"Unataka nini?"

"Maji," alisema, maana moshi ulimkaba. Wanawake wakakimbilia jikoni. "Au kwanza fungeni lile dirisha, linagonga." Wakalikimbilia dirisha. "Hivi ukuta huu mbona niliuacha? Nileteeni brashi." Maji yalipofika, pepo alikuwa ameshayasahau na anaulizia msumari.

Fundi Mudathir akajifuta jasho. "Nimezungumza na Waarabu, nimezungumza na Wahabeshi, mpaka Mmasai aliyedai ng'ombe mzima. Wote wanajua wanachotaka. Huyu hana msimamo!" Akainama, akasema kwa upole wa mtu aliyechoka, "Bwana mkubwa, tusichoshane. Ni wewe uliyemwacha mwanamke huyu Bweni? Sema ndiyo, omba radhi, tuyamalize."

Neno moja tu. Mama mkwe alishachukua mkoba wake, tayari kukabidhi mtoto na kuondoka, maana nani atamnunia pepo? Samiha, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akageuka. Uweso alimwona kupitia shuka, na moyo ukamuuma.

Akalivua shuka.

"Hakuna pepo," alisema. "Ni mimi. Nilikuacha mimi, Samiha. Sikukusudia, lakini ni mimi. Daktari amesema kuna dawa na kuna kujifunza, ila chenyewe hakiondoki. Nitasahau tena. Lakini siku ile nilipogeuka nikaona hupo, nilikaa chini barabarani nikalia, watu wakadhani nimegongwa na gari."

"Msimsikilize!" alipiga kelele Shangazi Mboni. "Pepo mjanja huyo, anajifanya Uweso!"

Samiha akasimama. "Kama si pepo, siku nyingine nimlaumu nani?"

"Mimi."

Samiha akavuta pumzi, akafungua kinywa, na wakati ule ule paka wa jirani akarukia sinia, akaanza kula yai. Alikula weupe pembeni, akizunguka, kiini hakigusi. Uweso hajapata kuona paka mwenye adabu ya kula namna ile.

Akili yake iliporudi sebuleni, watu wote wanamtazama. Mama mkwe ameziba mdomo kwa kiganja. Fundi Mudathir ameegemea ukuta. Na Samiha ameshamaliza kusema. Jibu la maisha yake lilikuwa limepita, na yeye hakuwepo.

Angeweza kuitikia kwa kichwa, kama alivyozoea kuwafanyia watu miaka yote. Safari hii hakuthubutu.

"Samiha," alisema. "Nilikuwa namwangalia paka. Umesemaje?"

"La haula!" mama mkwe akaguta.

Samiha alimtazama mumewe. Akamtazama na paka. Kisha akaja akapiga magoti mbele yake, akamshika mashavu kwa mikono miwili, hadharani, mbele ya mama yake mzazi, akamgeuzia uso kwake.

"Nimesema," akaanza upya, polepole, "twende zetu nyumbani."