Shangazi Alivyokisimulia Kiti

Jamani, mpaka sasa siamini! Leo shangazi yangu, mdogo wake baba, alikuwa anasimikwa uprofesa wa sheria ya jinai. Si uprofesa wa hivi hivi. Huu una mfuko wake wa fedha, uliotolewa na tajiri mmoja mwenye maghala baada ya mdogo wake kufia gerezani. Kila profesa mpya lazima asimulie historia ya kiti, yaani ya uprofesa huo, mbele ya familia ya yule tajiri. Wakiridhika, mkubwa wao anavuta kiti chenyewe, kile cha mbao pale jukwaani, profesa anakaa. Wasiporidhika, hakai mtu, na uprofesa unayeyuka.

Mkubwa wa sasa ni binti wa tajiri, bibi mkavu wa maneno na wa macho. Sisi wanafunzi tunamwita Mama Kiti.

Maprofesa wote waliotangulia walisimulia vilevile: kijana yule aliyefia gerezani alisingiziwa kumuua mlinzi, akafungwa bure. Makofi, kiti, chai. Asubuhi namfunga shangazi vifungo vya joho, akaniambia, "Nimeisoma ile kesi mpaka mwisho. Kijana alimuua kweli."

"Shangazi! Si uyaseme ukishakaa?"

"Nikalie uongo, halafu niwafundishe nyinyi ushahidi?"

"Umekisubiri mpaka mvi zimekuota!"

"Basi zinisaidie kusimama. Funga, tunachelewa."

Ukumbi ulifurika. Mimi safu ya pili. Mkuu wa kitivo anatabasamu kama bwana harusi. Shangazi akaanza taratibu, akafika palepale pa mauaji.

"Mdogo wake mwanzilishi wa kiti hiki alimpiga mlinzi kwa nondo, mlinzi akafa. Watu walimwona. Hakusingiziwa."

Mkuu wa kitivo akakohoa kile kikohozi cha nyamaza-wewe. Mjukuu mmoja wa tajiri akaropoka, "Huyu mmemwokota wapi?"

Shangazi hata hakumtazama. "Lakini alihukumiwa bila wakili, bila kuulizwa swali hata moja. Hilo ndilo kosa. Mwenye hatia naye asikilizwe. Kiti hiki kipo kwa ajili hiyo, si kwa sababu yule kijana alikuwa malaika."

Mama Kiti akainuka. Fimbo ko, ko, ko. Akapanda jukwaani, akavuta kiti, akakikalia yeye! Nikasema basi, kwisha habari yetu.

"Huyo mlinzi," akauliza, "alikuwa na watoto?"

"Wawili. Mkubwa alikuwa hata hajaanza shule."

"Kwetu hajawahi kutajwa." Akaegemea fimbo yake. "Tukisema baba mdogo kasingiziwa, baba alikuwa anatoka nje. Nikadhani ni uchungu, kumbe alikuwa anajua."

"Bibi, twende zetu!" mjukuu akaita.

"Nenda wewe, mlango unaujua." Akamgeukia shangazi. "Endelea."

Basi hotuba nzima shangazi kasimama, Mama Kiti kakaa, na mimi sijui nipumue au niache. Ilipokwisha, bibi akajikongoja kuinuka, akakipangusa kiti kwa ncha ya mtandio wake.

"Kaa, mwanangu. Ila kila mwaka uwasimulie wanafunzi hivihivi, na mlinzi awemo."

Shangazi akakaa. Hakuna aliyepiga makofi, maana hakuna aliyejua kama yanaruhusiwa. Nikapiga mimi, peke yangu, kama mwehu.